Matairi ya AT (ya kila ardhi) kwa pikapu ya Pemba: kuchagua, kutia upepo na kuishi nayo

Mtu akiingia dukani kununua matairi ya pikapu, jicho lake huenda kwenye kashata, yale mapande ya mpira yaliyo usoni mwa tairi. Anazitaka kubwa, zilizoachana, za kutisha. Kwa Pemba huko ni kutazama pahala sipo. Vinavyomaliza matairi huku ni jiwe la matumbawe linalochana ubavu, mzigo uliopita kiasi, upepo uliopungua bila mtu kujua, na mpira uliozeekea stoo kabla haujagusa barabara. Kashata hazikusaidii kwa hata kimoja katika hivyo vinne. Ndiyo maana nitazungumza zaidi juu ya ubavu na upepo kuliko juu ya sura ya tairi.

Anza na njia zako kabla ya duka

Kisiwa ni kidogo lakini ardhi haifanani. Magharibi na katikati ni vilima na mabonde: udongo mwekundu kwenye mikarafuu, kinamo kwenye mpunga. Mashariki na kaskazini, ukielekea Micheweni, Kiuyu na Maziwa Ng'ombe, unaingia uwanda na maweni, udongo haba na jiwe lililochomoza juu, makali yake yamechongwa na mvua. Ukiupita msitu wa Ngezi kwenda Kigomasha, vijia vya kuteremkia Vumawimbi ni mchanga mtupu. Kati ya yote hayo ipo lami ya Mkoani, Chake, Wete hadi Konde, yenye kona na miteremko ya kutosha kukukumbusha breki.

Hesabu wiki yako ya kawaida ya kazi: lami kiasi gani, udongo kiasi gani, mawe kiasi gani, na gari inakuwa na mzigo au tupu. Usihesabu ile safari moja ya mwaka jana uliyokwama bondeni hadi ukavutwa na trekta. Hiyo ndiyo inayowafanya watu wanunue matairi wasiyoyahitaji.

Matairi ya pikapu yamegawika makundi matatu. HT ni ya barabara: kashata zimebanana, gari inakwenda kimya na breki inashika vizuri lami ikiwa imerowa. MT ni ya tope: kashata ni mapande makubwa yenye nafasi pana katikati, yanavuma barabarani na huisha upesi kwenye lami. AT yako baina ya hayo mawili. Kashata zake zina nafasi ya kutema udongo na mchanga, lakini bado zinakaa chini kwa wingi wa kutosha kushika lami.

Kama safari nane katika kumi ni za lami, kwa mfano unashusha bidhaa za madukani kutoka bandari ya Mkoani, nunua HT ya mzigo na fedha inayobaki ufanyie kitu kingine. AT ni ya anayeingia mashamba ya karafuu wakati wa masika, anayebeba mwani kutoka pwani, anayechukua mawe na kokoto upande wa maweni, au anayepeleka wageni Kigomasha. MT sikushauri kwa pikapu ya kazi. Faida yake utaiona siku chache za mwaka, na hasara yake utakuwa nayo kila siku ukiteremka mlima wenye lami iliyorowa.

AT wenyewe si mgeni duniani. BFGoodrich walitoa All-Terrain T/A yao mwaka 1976, na sasa karibu kila mtengenezaji ana lake: Yokohama wana Geolandar A/T, Bridgestone wana Dueler A/T, Toyo wana Open Country A/T, Maxxis wana Bravo AT. Lakini herufi mbili hizo haziapi chochote juu ya unene wa ubavu. Chini ya jina moja utakuta tairi jepesi la gari ya familia na tairi zito la mzigo, yamepangwa rafu moja, sura ni ile ile.

Chuchumaa usome ubavu

Tuchukue tairi lililoandikwa 265/70R16 112S. Upana ni milimita 265. Urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. R inaonesha kuwa nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa radiali, 16 ni inchi za rimu. S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa, jambo lisilotuhusu sana hapa. Namba ya kuitolea macho ni 112: ndiyo namba ya mzigo, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Namba 110 ni kilo 1,060, 115 ni 1,215, 118 ni 1,320 na 121 ni 1,450.

Piga hesabu ya saruji, kwa kuwa saruji ni mzigo mdogo kwa macho na mzito kwa ekseli. Mfuko ni kilo 50, mifuko 20 ni tani moja, na Hilux nyingi zimetengenezwa kubeba takriban hiyo, dereva na abiria wakiwa ndani ya hesabu. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu tupu ina kilo 800. Matairi mawili ya 112 yanabeba 2,240. Ukipakia mifuko 20, na karibu uzito wote ukaangukia nyuma, umefika 1,800 na bado una nafasi. Pakia mifuko 40, kama watu wanavyofanya mchana kweupe, umefika 2,800. Umeyapita matairi kwa kilo 560, na hapo hujakutana na shimo hata moja. Matairi ya 121 yangeuvumilia mzigo huo, lakini springi, ekseli na breki zako ni zile zile za zamani.

Mbele ya namba za saizi huenda ukaona herufi LT, au mwisho wake ukaona C, kama kwenye 205R16C. Hayo ni matairi ya magari ya mzigo, yana nyuzi nyingi na ubavu mgumu. Utaona pia namba mbili za mzigo, mfano 121/118: ya kwanza ni tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni pale matairi mawili yanapofungwa pamoja kama ya lori. Wewe tazama ya kwanza.

Tairi la LT lina sharti ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Linabeba mzigo wake mkubwa likiwa na upepo mwingi tu. Zile kilo 1,450 za tairi la daraja E (herufi ya daraja la nguvu ya tairi) zinapatikana kwenye 80 psi, psi ikiwa ni kipimo cha upepo. Ukilitilia upepo ule ule wa tairi la kawaida, huenda likabeba pungufu ya lile ulilolitoa. Ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda LT, upepo nao lazima upande.

Kisha tafuta maandishi madogo karibu na rimu yanayoanza na TREAD na SIDEWALL. Yanataja tabaka za nyuzi: usoni mara nyingi polyester, chuma na nailoni, ubavuni mara nyingi polyester tabaka mbili. Baadhi ya AT za LT zina tabaka tatu ubavuni, na kwa mtu wa Micheweni tabaka hiyo ya tatu ina thamani kuliko kashata yoyote. Maandishi kama 10PR usiyachanganye na hesabu hii. Hayo ni daraja la nguvu, hayakuambii kuwa ndani mna tabaka kumi.

Umri wa tairi

Mwisho wa mstari unaoanza na DOT mna tarakimu nne ndani ya kiduara. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwengine mstari kamili umeandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo likiwa limeshafungwa huenda ukalazimika kuingia chini ya gari na tochi. Ingia.

Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafika miaka mitano, na liondolewe likifika kumi hata kama kashata bado nzima. Kwa jua letu na chumvi yetu mimi sisubiri kumi. Nikifika sita huanza kutafuta fedha za mapya. Na tairi "jipya" la dukani lenye miaka minne silinunui kwa bei ya jipya. Mwambie mwenye duka alitazame DOT pamoja nawe. Wengi hupunguza bei palepale.

Ukinunua mtumba

Sisemi usinunue. Wengi wetu tunaendesha juu ya mitumba na maisha yanakwenda. Lakini tairi linalong'aa kupita kiasi ndilo la kulitilia shaka, maana rangi nyeusi huficha mipasuko. Likunje ubavu kwa goti au kwa uzito wa mwili, utazame kama mistari midogo inafunguka. Pitisha kiganja ndani yake mzunguko mzima. Kiraka utakihisi, na uvimbe pia. Uvimbe maana yake nyuzi zimekatika ndani, hata kama nje hupaoni kitu. Angalia ukingo unaokaa kwenye rimu. Ukiwa umechanwa na vyuma vya kutolea, litavuja daima.

Kina cha kashata kipime kwa vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji. Kashata zikiwa sawasawa navyo, kina kimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Na mifereji ikiwa mirefu lakini haina vituta hivyo, au vimekatwa, tairi limechongwa. Kuchonga kunaruhusiwa kwa matairi ya malori yenye neno REGROOVABLE ubavuni, ambayo yamewekewa mpira wa ziada kwa kazi hiyo. La pikapu likichongwa, kisu kimekula kinga ya nyuzi za chuma, na chumvi ikizifikia zinaoza.

Saizi: usipande bila hesabu

Saizi salama imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kila badiliko lina malipo yake. Chukua 265/70R16: ubavu ni milimita 185.5, mara mbili ni 371, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni 406.4, kimo cha tairi zima ni kama milimita 777. Ukipanda kwenda 265/75R16 kimo kinakuwa karibu 804. Umeongeza kiasi cha asilimia 3.4. Spidi mita ikisoma 80, wewe unakwenda karibu 83. Na gari imeinuka nusu tu ya tofauti ile, milimita 13, upana wa kidole. Kwa ajili ya kidole hicho umezipa kazi zaidi gia, klachi na breki, na ukikata usukani mpaka mwisho huenda tairi likagusa fenda.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia ukibadilisha rimu. 265/65R17 ina kimo cha milimita 776, karibu sawa kabisa na 265/70R16. 205R16C ina takriban 743 na 245/70R16 ina 749, tofauti isiyofika asilimia moja. Kati ya rimu ya 16 na ya 17, kwa maweni chagua ya 16. Ubavu wake ni mrefu zaidi, kwa hiyo una nafasi ya kujikunja kabla rimu haijagonga jiwe.

Siku ya kufunga

Matairi yote manne yawe saizi moja na aina moja, na la spea lifanane nayo. Pikapu nyingi zina fo-wili ya kuingiza kwa kijiti au kitufe, na ikishaingia, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa. Matairi ya mbele yakiwa na kashata nzima na ya nyuma yamekula, vimo vimetofautiana, na mvutano wote unaishia kwenye giaboksi ya kugawa nguvu. Ndiyo sababu pia fo-wili haiingizwi kwenye lami kavu hata kwa matairi mapya yanayolingana.

Dai valvu mpya, usikubali zile kuukuu zilizochakaa kwa jua. Dai rimu zisuguliwe kwa brashi ya waya pale tairi linapokaa: kutu ya chumvi hapo ndiyo chanzo cha yale matairi yanayopungua kila wiki bila pancha kuonekana. Dai balansi, na alaimenti kama mafundi wa karibu wana mashine. Nati zikazwe kwa mkono mwanzo, kwa kukatisha nyota, kisha spana. Ukishakwenda kilomita 50 hadi 100, simama uzikaze tena.

Kilomita mia chache za mwanzo enda taratibu. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani usoni, na kwenye lami ya mvua ya kwanza ya vuli, yenye mafuta na vumbi la miezi, huo ni utelezi juu ya utelezi.

Upepo

Kama utafanya jambo moja tu katika yote haya, nunua geji yako mwenyewe. Geji za kwenye kompresa za mitaani zinaanguka chini kila siku na kila moja ina hadithi yake. Ukimwambia fundi "nitilie thalathini na mbili", huenda akatia ishirini na nane au thalathini na saba kwa nia njema kabisa.

Pima asubuhi, gari ikiwa haijatembea. Tairi likipata moto upepo hupanda, na kupanda kwa psi nne hadi sita baada ya safari ni jambo la kawaida. Usiutoe. Anayetoa upepo wa tairi la moto Chake atakuta liko chini asubuhi ya pili.

Namba ya kuanzia ni ya kibandiko cha mlango, ambacho huonesha gari tupu na gari yenye mzigo. Kwa Hilux tupu yenye matairi ya kawaida, mara nyingi ni karibu na 30. Mzigo ukiingia, nyuma ndiyo inayopanda, mbele hubadilika kidogo au haibadiliki. Kosa tunaloliona kila msimu wa karafuu ni dereva kutia 45 mara moja, kisha akaacha hivyo mwezi mzima, mzigo upo au haupo. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayopelekwa kiwandani Wawi yanaonekana mlima lakini ni mepesi. Magunia ya karafuu kavu ni mazito. Mchanga uliorowa ni mzito kuliko yote, na mita moja ya ujazo inapita tani moja na nusu. Tia upepo kwa uzito, usitie kwa kimo cha mzigo.

Gari tupu yenye 45 nyuma inarukaruka, inakula kashata za katikati, na kwenye jiwe tairi linakuwa gumu kama ngoma: halijikunji, linapasuka. Upepo mdogo una madhara mabaya zaidi. Ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linajaa ndani, na tairi linakufa kwa ndani huku nje linaonekana zima. Matairi mengi yanayosemwa "limepasuka tu lenyewe" yalikuwa yamepungukiwa upepo kwa siku kadhaa.

Kwenye maweni na gari tupu, mimi hushuka hadi 25 au 28. Uso wa tairi unalikumbatia jiwe badala ya kuligonga. Nikiwa na mzigo sishuki hata kidogo. Ubavu ukivimba nje ndio unaokutana na makali. Kwenye mchanga laini na gari tupu, 16 hadi 18 hufanya maajabu, maana tairi linarefuka chini na gari inaelea. Ukiwa na mzigo mdogo baki 22 hadi 25. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Na ukiwa na 18, mwendo uwe wa baiskeli, kona ziwe pana, na usikanyage lami hadi umejaza tena. Kwa hiyo usitoe upepo kama huna cha kuurudisha. Kompresa ndogo ya volti 12 inayobanwa moja kwa moja kwenye betri inatosha, injini ikiwa inanguruma. Zile za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara zinaweza kuunguza fyuzi.

Maweni, mchanga na tope

Juu ya mawe, woga wa dereva ndio unaomponza. Akiliona jiwe kali analikwepa nusu, na jiwe linapita ubavuni, mahali pembamba kuliko pote. Afadhali ulipandie: liweke katikati ya uso wa tairi, penye chuma na mpira mnene, taratibu, gia ya chini. Mahali pa kubana mno mteremshe utingo akuongoze. Usizungushe tairi papo hapo juu ya jiwe ukijaribu kujinasua. Kashata za AT zinakatika vipandevipande. Na jiwe la matumbawe likirowa, hukata mpira kwa urahisi zaidi kuliko likiwa kavu, maana maji hulilainishia kisu.

Mchangani shika mwendo ule ule, usipige breki, acha gari isimame yenyewe, na ukisimama simama kwenye mteremko. Usiiteremshe gari hadi ufukweni. Kasa hutaga katika fukwe za kaskazini ya Pemba, na bahari haina huruma na dereva aliyekwama. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka karibu mita nne. Palipokuwa pakavu ulipoanza kuchimba, patakuwa na maji kabla hujamaliza. Kama mwani unauchukua pwani, acha gari juu kwenye njia, magunia yabebwe.

Kuhusu kinamo na tope la mikoko, maneno ni machache: AT haiwezi. Mifereji inajaa mara moja na tairi linakuwa kipara cha udongo. Kwenye udongo mwekundu uliorowa inaweza, mradi gari isisimame mlimani. Bondeni mvua ikinyesha, acha gari barabarani utembee.

Pancha

Msumari usoni mwa tairi ni jambo dogo. Utambi wa kuchomeka kwa nje unakufikisha nyumbani, kisha tairi livuliwe libandikwe kiraka kwa ndani, fundi aone pia kama limeliwa na kutembea bila upepo. Ukikuta unga mweusi wa mpira ndani, ubavu umeshasagika. Kiraka hakitalisaidia.

Ubavuni hapazibwi. Najua mafundi wetu wanashona, wanabandika kipande cha tairi jengine kwa ndani na kutia tyubu, na kazi yao inapendeza kuitazama. Ichukue kama njia ya kutoka Kiuyu hadi Chake kwa mwendo mdogo, gari tupu, tairi likiwa nyuma. Usilirudishe mbele, usilipakie saruji. Tyubu ndani ya tairi la tyubulesi inapata joto kwa msuguano, na ikipasuka upepo unatoka wote kwa mara moja.

Matairi ya AT hushika vijiwe katikati ya kashata. Vingi ni vya kelele tu, lakini vile vyenye ncha huendelea kuchimba kidogo kidogo hadi vikafika kwenye chuma. Bisibisi butu na dakika chache kila wiki zinatosha. Ukifanya hivyo utaona pia misumari kabla haijawa pancha.

Utunzaji wa mwaka mzima

Pikapu inasukumwa kwa nyuma na mzigo uko nyuma, kwa hiyo matairi ya nyuma huisha mwanzo. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 yahamishe: ya nyuma yaende mbele moja kwa moja, ya mbele yaende nyuma kwa kukatisha, kulia liende kushoto. Likiwemo spea katika mzunguko, matano yatazeeka pamoja, na siku ya kubadilisha hutakuwa na spea la miaka minane ambalo halijawahi kugusa barabara. Likila upande mmoja tu, kuhamisha ni kuficha maradhi. Tafuta alaimenti au bushi.

Ukitoka pwani mwagia maji matamu ndani ya rimu na chini ya gari, si ubavu wa nje tu. Spea linaloning'inia chini ya bodi literemshe kila miezi michache: mnyororo wake hushika kutu ya chumvi, na wengi hugundua kuwa haushuki siku wanayolihitaji. Tia grisi, pima upepo, pandisha. Gari ikilala muda mrefu, iweke kivulini na uisogeze mara kwa mara. Mafuta ya kung'arisha matairi yaache kwa ajili ya harusi.

Na tegemea kuwa gari itakula mafuta zaidi kidogo na itavuma zaidi. AT ni nzito, na kelele zake huongezeka kadiri inavyoisha. Mvumo ukiwa wa kupanda na kushuka, kashata zimeliwa kwa mawimbi. Mara nyingi shokabzoba mbovu au kuchelewa kuhamisha matairi ndiyo sababu.

Lini uliondoe

Liondoe vituta vya ndani vikifikiwa. Mimi kwa lami ya masika huliondoa mbele mapema zaidi, likibaki na milimita 3, nikalitumie nyuma wakati wa kiangazi. Liondoe siku hiyo hiyo ukiona uvimbe, nyuzi zilizochungulia, au mchano wa ubavu unaoingiza ncha ya ufunguo.

Usimwachie fundi likiwa zima. Litapakwa rangi liuzwe kwa mwengine. Lichane ubavu mbele yako. Kama unalipeleka nyumbani kuzuilia ukuta au kupandia maua, litoboe matundu makubwa chini, kwani maji ya mvua yanayobaki ndani ya matairi ni mazalio ya mbu wa Aedes, wanaoeneza homa ya dengi na chikungunya, na mbu hao huuma mchana. La kukata makubadhi lipeleke likiwa limeshakatwa vipande, usilirundike nyuma ya nyumba likisubiri.